Madaftari ya mzee: msomee mama kwanza

Ndugu uliyeuliza ufanye nini na madaftari ya marehemu baba yako, kwamba ndani yake ni "mvua, palizi, deni la sabuni" tu na wadogo zako wanataka kuyachoma: usiyachome. Na usianze kuyaandika upya kwa lugha nzuri. Mimi nilianza hivyo, nikaharibu kurasa nyingi.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli pale Tororo, mashariki mwa Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 akarudi shambani na tabia yake ya kazini: kila jioni mstari mmoja, Kiswahili cha reli, kwa penseli iliyofungwa uzi kwenye mguu wa meza. Duara ni mvua. Duara lenye nukta, mvua ya mawe. Msalaba ni mtu anayedaiwa, si aliyekufa (hilo lilinitisha mwanzoni, misalaba ilikuwa mingi mno).

Mwaka 1987 ndio ulioniumbua. Katikati ya daftari bei ya sabuni inaporomoka ghafla, sifuri mbili hazipo. Nikadhani mzee alichoka, nikazirudishia kwa kalamu yangu. Kumbe Mei mwaka ule ndipo serikali ilipokata sifuri mbili kwenye shilingi, na juu yake ikatoza asilimia 30 ya pesa uliyopeleka kubadilisha. Mzee kaandika: "Benki. Ng'ombe mmoja kabaki huko." Niliusoma mara tatu ndipo hesabu ikaniingia.

Miaka ya tisini kuna "majani ya muhogo yamekunja ngumi", ukurasa baada ya ukurasa. Ni ile batobato, ugonjwa wa muhogo, iliyotumalizia muhogo huku mashariki. Tulikula posho (ugali) ya kununua mpaka zilipofika pingili za mbegu mpya za Namulonge, kituo cha utafiti wa kilimo.

Ila utamu wenyewe ulikuwa kwa mama, ambaye madaftari hayamtaji kabisa. Nilikuwa namsomea jioni akichambua maharage. Siku moja nikasoma: "Leo palizi imesimama." Akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Siku hiyo nilikuwa nakuzaa wewe. Palizi isimame vipi kama ilikuwa yake?"

Basi mwenzangu, kama mama yupo, anza naye. Mrekodi kwenye simu, ila taja kwanza tarehe ya ukurasa, la sivyo baadaye hutajua anazungumzia nini. Picha piga karibu na dirisha bila mwanga wa simu, maana penseli inang'aa na maandishi yanapotea. Madaftari weka kwenye debe lenye kifuniko. Yangu yalikaa chini ya kitanda, panya wakala 1983 nzima.

Mama mpaka leo anabishana na ukurasa mmoja wa 1991, wenye msalaba wa deni la jembe. Anasema lililipwa, kwa kuku wawili, yeye mwenyewe aliwapokea na mzee hakuambiwa. Nimeuacha msalaba, na kuku nimewaandika pembeni.