Nondo wa rangi ya majivu: ni kiwavijeshi yupi?

SWALI: Daktari, nalima mahindi Kiryandongo, Uganda. Usiku nondo wa kijivu wanajaa kwenye taa ya baraza, na mchana naona viwavi shambani. Jirani anasema ni kiwavijeshi wa Amerika. Mume wangu anasema ni yule wa zamani, aliyekuwa akimaliza malisho ya ng'ombe. Je, ni mdudu mmoja? Nitawatofautishaje?

JIBU: Mama, ni wawili, ila ni ndugu wa karibu. Wote ni wa jenasi (kundi la spishi za ukoo mmoja) iitwayo Spodoptera, katika familia ya nondo ya Noctuidae. Mfaransa Guenée ndiye aliyeipa jenasi hiyo jina mwaka 1852, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya majivu na bawa. Ina spishi zipatazo 30. Yule wa mumeo ni Spodoptera exempta, mzaliwa wa Afrika. Wa jirani ni Spodoptera frugiperda, aliyetoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016 na kuthibitishwa Uganda mwaka 2017.

Kwa nondo wenyewe, anza na mabawa ya nyuma. Ya mgeni, yaani frugiperda, ni meupe yanayong'aa, yenye ukingo mwembamba mweusi. Ya mwenyeji, yaani exempta, ni meupe yaliyofifia na mishipa yake ya rangi nyeusi huonekana. Dume wa mgeni ana pia doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Jike hana doa hilo, na nondo aliyejigonga kwenye taa usiku kucha huwa amepukutika magamba, kwa hiyo usimtegemee sana.

Kiwavi ndiye shahidi mzuri. Wengi wamefundishwa kutafuta alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, nami naomba usiishie hapo, maana hata kiwavi wa exempta ana alama inayofanana nayo. Mgeukie mkiani. Kiwavi wa frugiperda aliyekomaa ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Exempta hana mraba huo. Rangi nayo hudanganya: exempta wakiwa wachache huwa kijani au kahawia, wakisongamana hugeuka weusi kama mahameli, na hapo ndipo huandamana kama jeshi. Nimeona wakulima wakidhani ni wadudu wawili tofauti.

Tazama pia wanakokaa. Exempta hula majani ya nyasi na nafaka waziwazi. Frugiperda hujificha ndani ya moyo wa mhindi, akiacha kinyesi kama vumbi la mbao. Ukipuliza dawa juujuu hutamfikia. Kwa huyo, elekeza dawa ndani ya moyo wa mmea, jioni, viwavi wakiwa bado wadogo. Kabla ya kununua chochote, weka viwavi watano wakubwa kwenye chupa yenye spiriti umpelekee afisa kilimo wako.