Linux au ruta maalumu? Majibu kwa wenye kampuni ndogo za intaneti

Safari hii safu tumewapa wasomaji wanaouza intaneti mitaani: kampuni zenye wateja mia chache hadi elfu mbili au tatu. Barua zimetofautiana kwa maneno, ila nyingi zinazunguka jambo moja, yaani programu huria, hasa mfumo wa Linux, kwenye kompyuta ya kawaida dhidi ya ruta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu.

SWALI: *Ndugu Mhariri, tuna wateja 600, wote wanaingia kwa PPPoE (kila mmoja kwa jina na nywila yake), na tunanunua Gbps 2 (gigabiti 2 kwa sekunde). Ruta yetu imeanza kuelemewa jioni. Mwenzangu anataka tununue seva ya mtumba, tuweke Linux, tuachane na ruta. Mimi nasita. Tufanyeje?* – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwenzako huenda yuko sahihi. Lakini kabla hamjatoa hela, acheni kwanza kuhesabu Gbps, hesabuni pakiti, yaani vipande ambavyo data husafiri ndani yake. Kila pakiti inayofika lazima isomwe kichwa, itafutiwe njia na isukumwe nje, na kazi hiyo ni ile ile pakiti iwe ya baiti 64 au 1500. Laini ya Gbps 10 iliyojaa pakiti za baiti 1500 hupitisha takriban pakiti 813,000 kwa sekunde. Ijazeni pakiti ndogo kabisa, za baiti 64, mtapata milioni 14.88, na hapo kila pakiti ina nanosekunde 67 tu za kuhudumiwa.

Tuchukulie wastani wa baiti 800 kwa wateja wa majumbani. Gbps 2 zenu ni takriban pakiti 305,000 kwa sekunde upande wa kushusha. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo, bila ufundi wa ziada, husukuma pakiti laki kadhaa hadi kukaribia milioni moja kwa sekunde kwa kila kiini cha prosesa ya kisasa, kutegemea sheria mlizorundika kwenye faiawoli. Seva inaiweza kazi hiyo bila shida. Itakapozama ni siku ya shambulio: Gbps 2 za pakiti ndogo tupu ni karibu pakiti milioni 3 kwa sekunde, na prosesa ile ile inayopokea mafuriko hayo ndiyo inayotakiwa pia kuwashikilia wateja na kuzungumza na mtoa huduma wenu wa juu.

Ruta maalumu yenye chipu ya kusukuma pakiti haijali ukubwa wa pakiti, na hapo ndipo inastahili bei yake. Angalieni lakini kama yenu inayo kweli. RouterOS ya MikroTik imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na mashine zake nyingi zinazouzwa kwetu husukuma pakiti kwa prosesa ya kawaida. Junos ya Juniper ilijengwa juu ya FreeBSD, na IOS XE ya Cisco iko juu ya Linux. Kwa hiyo jina la mfumo endeshi halitawaambia kitu. Ulizeni nani anasukuma pakiti, chipu au prosesa. MikroTik huchapisha majedwali ya vipimo kwa kila mashine: msisome safu ya baiti 1518 inayopendeza macho, someni ya baiti 64 kwenye mstari wenye sheria 25 za faiawoli.

Mkiamua seva, chagueni viini vichache vyenye kasi badala ya vingi vya polepole. Viini 8 vya zaidi ya GHz 3 vitawafaa kuliko 24 vya GHz 2. RAM ya GB 16 yenye kujisahihisha makosa, diski mbili za SSD zinazonakiliana, pawasaplai mbili, na kadi ya mtandao ya Intel X520 au X710 yenye milango miwili ya Gbps 10. Mlango wa IPMI, ule wa kuisimamia seva kutoka mbali, uwe na laini yake ya pembeni, usipitie ndani ya mtandao uleule utakaokuwa umekufa. Juu yake wekeni Debian, accel-ppp ya kupokea wateja, na FRRouting au BIRD kwa ajili ya njia. FreeRADIUS, inayokagua majina na nywila za wateja, iwe kwenye mashine nyingine.

Na nunueni seva mbili zinazofanana. Hili hatulilegezi. Seva ya mtumba ni rahisi kiasi kwamba mbili bado zaweza kuwa chini ya bei ya ruta moja kubwa, na PPPoE inawarahisishia kazi: kifaa cha mteja huita kwa mtandao mzima, seva zote mbili zinajibu, naye huchukua jibu la kwanza. Kwenye seva ya akiba wekeni `pado-delay=500` katika accel-ppp, ijibu baada ya milisekunde 500. Ya kwanza ikifa, wateja wanahamia ya pili wenyewe. Hatari iliyobaki ni wateja 600 kurudi kwa mpigo na kuizamisha RADIUS, hasa kama hifadhidata yake imejaa rekodi za miaka bila kusafishwa. Punguzeni wimbi hilo kwa `max-starting`, kikomo cha wanaoingia kwa wakati mmoja, kisha ijaribuni kwa kuzima seva moja usiku wa manane. Mpangilio ambao haujajaribiwa msiuhesabu kuwa ni akiba.

SWALI: *Salaam. Sisi tayari tuko kwenye Linux na PPPoE. Saa mbili usiku kiini kimoja cha prosesa kinafika asilimia 100, vingine saba vimelala, na wateja wanalalamika. Kadi yetu ina foleni nyingi. Mbona hazitumiki?* – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu kadi nyingi zikipokea pakiti ya PPPoE haziioni anwani ya IP iliyo ndani. Kadi hugawa pakiti kwenye foleni kwa kukokotoa anwani na namba za milango (port) zilizoandikwa ndani yake; ikikuta bahasha ya PPPoE inashindwa, inatupa kila kitu foleni ya kwanza, na foleni ya kwanza ina kiini chake kimoja. Hakikisheni kwa `mpstat -P ALL 1` na kwa kuangalia namba zinazopanda ndani ya `/proc/interrupts`. Mtaona upande wa intaneti umegawanyika vizuri, kwa kuwa huko pakiti zinakuja kama IP tupu, na upande wa wateja umerundikana.

Kerneli yenyewe inajua kuifungua bahasha hiyo, basi iachieni igawe yenyewe. Kwa viini 8, mkikiacha kile cha kwanza kiendelee kupokea:

`echo fe > /sys/class/net/enp1s0f0/queues/rx-0/rps_cpus`

Badilisheni jina la kadi liwe lenu. Amri hii hupotea mashine ikizimwa, iwekeni kwenye huduma ya systemd ili ijirudie mashine ikiwaka. Kama kiini cha kwanza bado kinachemka, gawanyeni wateja kwenye milango miwili ya kadi, kila mlango na kiini chake cha kupokelea.

Mkiwa hapo hapo zimeni LRO kwa `ethtool -K enp1s0f0 lro off`. Inaunganisha pakiti kadhaa kuwa moja, jambo zuri kwa kompyuta inayopokea na baya kwa mashine inayopitisha. Pia someni `ethtool -S`: kama hesabu ya pakiti zilizokosa nafasi inapanda, ongezeni foleni ya kupokea kwa `ethtool -G enp1s0f0 rx 4096`. Mipangilio ya prosesa ya kubana umeme nayo iondoeni, iwe `performance`.

SWALI: *Wateja wakilalamika ni hivi: kurasa mpya hazifunguki, lakini video iliyokwisha kuanza inaendelea vizuri. Tukiwasha upya mashine, siku mbili tatu mambo shwari. Ni virusi?* – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana. Andikeni `dmesg` na bila shaka mtakuta `nf_conntrack: table full, dropping packet`. Mashine inayofanya NAT (wateja wengi kutoka nje kwa anwani moja) hukumbuka kila muunganisho kwenye jedwali. Likijaa, miunganisho ya zamani inaishi na mipya inakataliwa, ndiyo maana video inaendelea. Linajaa kwa sababu Linux kwa kawaida huuhifadhi muunganisho wa TCP kwa sekunde 432,000, yaani siku 5 nzima, hata kama simu ya mteja ilizimwa bila kuaga.

Shusheni `nf_conntrack_tcp_timeout_established` hadi 7440. Ni saa 2 na dakika 4, kiwango cha chini kinachokubalika kwa vifaa vya NAT, na chini ya hapo mtaanza kuwakatia watu kazi zao. Pandisheni `nf_conntrack_max` hadi 1048576. Kumbukumbu itakayoliwa haifiki nusu GB. Na kama mashine hiyo haifanyi NAT kabisa, msiikumbushe chochote: tumieni `notrack`, mtashangaa jinsi prosesa inavyopumua.

Msichanganye tatizo hili na lile la tovuti fulani fulani tu kugoma wakati ping inapita. Hilo ni la ukubwa wa pakiti. PPPoE hula baiti 8, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) inabaki 1492, kwa hiyo data ya TCP ndani ya pakiti inatakiwa iambiwe isizidi 1452. Kwenye nftables, mnyororo wa forward:

`tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu`

SWALI: *Tunataka kununua kwa watoa huduma wawili na kujiunga na kituo cha kubadilishana trafiki. Tumepata ruta kubwa ya mtumba ya Cisco kwa bei nzuri. Itabeba njia zote za dunia?* – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ulizeni kwanza kumbukumbu ya chipu yake inabeba njia ngapi. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la dunia la IPv4 lilivuka njia 512,000, na ruta nyingi za zamani zilizopangwa kubeba kiasi hicho zikayumba kwa wakati mmoja. Leo jedwali lina njia takriban milioni moja, na IPv6 ina yake zaidi ya 200,000. Ruta ya enzi zile, hata ikiwa chuma imara, haitaweza, na kumbukumbu ile haiongezwi kama RAM. BIRD kwenye kompyuta yenye GB 16 hailioni kabisa tatizo hilo.

Lakini mna haja gani na njia zote? Kwa watoa huduma wawili, pokeeni njia ya jumla kutoka kwa kila mmoja, na njia halisi za kituo cha kubadilishana, KIXP ya Kenya kwa mfano. Hizo ruta ndogo inazimudu.

Mtego wa Linux ukiwa na laini mbili ni `rp_filter`, ukaguzi wa kama pakiti imeingia kwa mlango uliotarajiwa. Pakiti ikitoka kwa huyu na jibu likarudi kupitia yule, hali kali ya 1 inalitupa kimyakimya, hakuna logi wala onyo. Wekeni 2. Kerneli huchukua namba kubwa kati ya `all` na ile ya kadi husika, hivyo kuandika 0 kwenye kadi huku `all` ikiwa 1 hakubadilishi kitu.

Chujio la njia mnazotangaza nje liwe orodha fupi: anwani zenu tu. Februari 2008 kampuni ya simu ya Pakistani ilitangaza njia ya YouTube iliyokusudiwa kuifunga ndani ya nchi, mtoa huduma wake wa juu hakuichuja, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia. Kwa upande wa kuingia, Routinator ni huria na inakagua RPKI, hati zinazothibitisha nani ana haki ya kutangaza njia ipi. Isimikeni.

SWALI: *Programu huria si ndiyo yenye makosa mengi zaidi?* – Msomaji, Kampala

JIBU: Makosa yapo pande zote. Januari 2019 watafiti walitangaza njia yenye alama isiyo ya kawaida, mashine za FRRouting zikakata mazungumzo ya BGP, lugha ambayo ruta hutangaziana njia. Agosti 2010 jaribio la namna hiyo liliyumbisha ruta za Cisco zenye IOS XR. Mwaka 2018 ruta nyingi za MikroTik zilivamiwa kupitia mlango wa Winbox, programu ya kuzisimamia, ingawa kiraka kilikwisha kutolewa Aprili. Fungeni milango ya usimamizi kwa nje, wekeni viraka, na mkiwa na mashine mbili za BGP, moja iwe BIRD na nyingine FRRouting, ili kosa moja lisiziangushe zote.

SWALI: *Mnara wetu uko mlimani, umeme unakatika saa nyingi. Linux nayo ipande huko?* – Msomaji, Mbeya

JIBU: Isipande. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 200, mkiitumia nusu ili isife mapema, inatoa kWh 1.2. Seva ya wati 120 kupitia inveta itadumu saa 8 na nusu hivi. Ruta ndogo ya wati 45 inayopokea umeme wa betri moja kwa moja itafika saa 26, haina feni ya kuvuta vumbi, wala diski. Mlimani wekeni ruta maalumu na akiba yake iliyokwisha kupangwa, ndani ya sanduku lilelile, ili hata mlinzi aweze kuhamisha nyaya mkimwelekeza kwa simu. Andikeni namba kwenye kila waya.