Mwanangu, uliniuliza kuhusu kura za Likoni

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, ila nyanyako magoti yanamsumbua tangu kusi ianze kuvuma. Swali lako la juma lililopita halijanitoka. Ulisema wenzako wa kazini hapo Nakuru wanadai watu wa Likoni, hapa kwetu Mombasa, hupigia chungwa, yaani chama cha ODM, kwa mazoea tu, hata asimamishwe nani, nawe ukakosa la kuwajibu. Nilisikia sauti yako ilivyobadilika kwenye simu, nami nikaumia.

Waambie kwanza kwamba chungwa si la tangu jadi. Mwaka 1997, na tena 2002, tulimpeleka bungeni Suleiman Shakombo kwa tiketi ya Shirikisho, chama cha Pwani chenyewe. ODM tuliishika 2007. Ile kura ya 1997 sipendi kuikumbuka. Agosti ya mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa usiku, askari wakauawa, kisha majirani zetu wa bara wakaanza kuwindwa. Wengi walilala kanisani. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu. Mama mmoja Mkamba niliyekuwa nikichota maji naye aliondoka na godoro kichwani, na Desemba tulipopanga foleni hakuwepo. Tulitendewa dhuluma Pwani, ni kweli, lakini ile haikuwa njia ya kuiondoa, na sitaki usikie mtu yeyote akiitetea.

Dhuluma yenyewe ni ardhi. Watu wamezaliwa hapa, wamezika wazee wao hapa, na bado wanaitwa maskwota. Januari 2016 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wakati huo, alikuja mwenyewe kugawa hati za lile shamba kubwa la Likoni, ekari zaidi ya 900. Bi kizee wa nyumba ya pili aliniita nimsomee yake. Aliitoa chini ya godoro, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mbili, akanitaka nilisome jina lake mara tatu, kidole chake kikifuata kila herufi ingawa hajui kusoma. Mwaka uliofuata akapigia chungwa! Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Nyumba hii nimezaliwa ndani yake. Nirudishiwe changu, kisha nidaiwe kura?" Tena hati zenyewe zilikuja na pesa za kulipia. Uchaguzi huohuo Masoud Mwahima, mbunge wetu aliyehama ODM akaingia Jubilee, chama cha Uhuru, alishindwa na Mishi Mboko wa ODM. Ukiyaita hayo mazoea, hujaongea na yule bi kizee.

Na si wote tunaokwenda upande mmoja. Mwaka 2022, katika Mombasa nzima, William Ruto alipata karibu kura nne za rais kwa kila kumi. Wengi wetu hatukumpa, lakini Septemba hiyohiyo, mara tu alipoapishwa, aliagiza mizigo irudi kutolewa bandarini kwetu. Unakumbuka kakako alivyokaa nyumbani yadi ya makontena ilipopunguza watu, mizigo ikipakiwa treni ya SGR kwenda kutolewa Nairobi. Kwa hilo namshukuru Ruto, na nimewaambia hivyo hata wanaokasirika nikisema.

Kinachoniuma mimi ni wasiokwenda kabisa. Wajua kila siku ya kura huamka saa nane usiku nikaanza kukaanga mahamri, nikayauza na mbaazi karibu na lango la shule. Mwaka 2013, tulipochagua gavana kwa mara ya kwanza, foleni ilitoka nje ya lango ikapinda hadi kwa fundi baiskeli, na saa mbili asubuhi beseni lilikuwa tupu. Tarehe 9 Agosti 2022, saa nne, nilikuwa bado na nusu beseni. Kura ya gavana nayo iliahirishwa kwa sababu karatasi zilichapishwa na makosa, na tulipoitwa tena tarehe 29 makarani ndio waliokuwa wateja wangu. Mombasa nzima waliopiga kura ya rais hawakufika nusu ya walioandikishwa. Niliwafuata vijana maskani, palepale hatua chache kutoka kituoni. Mmoja alinionyesha kitambulisho chake, kipya hakina hata mkunjo, akasema, "Mama, hiki hutolewa polisi wakija tu."

Sikuwa na la kumwambia siku ile. Tangu Raila Odinga, kiongozi wa ODM, atutoke Oktoba 2025, wazee barazani wanabishana chungwa litashikwa na nani. Mimi namfikiria yule kijana. Nimeanza kumpelekea chai, tunazungumza. Juzi aliniuliza mwakilishi wadi kazi yake hasa ni ipi, na pesa za wadi huombwa wapi. Nilimweleza ninachojua.

Nawe jina lako bado liko kwenye daftari la kituo chetu. Kama Agosti 2027 hutapata likizo, hamisha uandikishwe huko Nakuru mapema, usingoje dakika za mwisho. Kama utakuja, niambie mapema niongeze unga.

Mamako