Mikoani timu zipo

Kaka, unasema magazeti yanaandika Simba na Yanga tu kwa sababu mikoani hakuna timu. Hapana! Tukuyu Stars walitoka huku Rungwe, Mbeya, wakabeba ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara 1986. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, ndiyo kwanza wamepanda daraja, walimaliza wa tatu chini ya kocha Juma Mwambusi, Simba wakiwa nyuma yao. Shida iko kwingine: timu ikiwa ya halmashauri, mshahara wa mchezaji unasubiri kikao cha madiwani. Lakini kocha ndiye anayetukanwa pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, nimemsikia akitukanwa mvua ikitupiga wote. Waandishi waende kwenye vikao vya bajeti, wawaulize madiwani timu imetengewa kiasi gani na imepata kiasi gani.