Uchumi umedorora, au ukuaji ndio uliopungua?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza nafaka hapa Arua. Juzi redio mbili zilitangaza kwamba ukuaji wa uchumi katika robo mwaka umepungua. Moja ikasema uchumi "umedorora", nyingine "umeporomoka". Je, maneno haya ni sawa? Na "mtikisiko wa uchumi" ni nini hasa?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Si sawa, na kwa habari uliyoisikia yote mawili hayakufaa.

Kilichopungua ni ukuaji, si uchumi. Basi la Arua likipunguza mwendo kwenye daraja la Karuma halijaanza kurudi Kampala. Bado linakwenda mbele, ila polepole. Ndivyo ilivyokuwa hapa Uganda katika mwaka wa fedha 2019/20, UVIKO ulipoingia: ukuaji ulitoka zaidi ya asilimia 6 hadi takriban asilimia 3. Aliyetangaza kwamba "uchumi umeshuka" mwaka ule alikosea. Lakini na wewe dukani ukisema hali ni ngumu, hujakosea, kwa sababu idadi ya watu wetu nayo huongezeka kwa karibu asilimia 3 kila mwaka. Mkate umeongezeka kidogo, na walaji wameongezeka vilevile.

Kudorora ni kuzorota, kurudi nyuma. Ndiyo maana "mdororo wa uchumi" umezoeleka kuwa jina la kipindi ambacho uchumi wenyewe unapungua. Kipimo wanachokipenda waandishi ni Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini, kupungua robo mbili mfululizo. Ni kipimo chepesi kukumbuka, lakini si sheria. Marekani hukumu hutolewa na kamati ya wachumi wa National Bureau of Economic Research, shirika binafsi la utafiti wa uchumi, nayo hutazama pia ajira, mapato na uzalishaji viwandani. Kamati hiyo ilisema mshuko wa mwaka 2020 ulikuwa mdororo, ingawa ulidumu miezi miwili tu, Februari hadi Aprili. Mwaka 2022 takwimu zilionyesha Pato la Taifa la Marekani limepungua robo mbili za mwanzo, lakini kamati haikutangaza mdororo. Wapinzani wa Rais Joe Biden waling'ang'ania robo mbili, watu wa serikali wakang'ang'ania kamati. Takwimu zilikuwa zilezile, na kila upande ukachagua kipimo kinachoupendeza. Msomaji aliyesoma gazeti la upande mmoja tu hakujua kwamba kipimo cha pili kipo.

Uingereza nako, mwaka 2012, magazeti yalijaa habari za nchi kuingia mdororo wa pili. Juni 2013 ofisi ya takwimu ya huko ilisahihisha hesabu, robo moja ikatoka kwenye kupungua kwa asilimia 0.1 hadi sifuri, na mdororo ukafutika. Vichwa vya habari havikufutika.

"Kuporomoka" ni zito mno. Muulize mtu wa Bududa, aliyeona udongo wa Mlima Elgon ukishuka mwaka 2010 na kufunika watu na nyumba. Kinachoporomoka hakibaki kimesimama. Mimi neno hilo ningelitumia kwa uchumi wetu baada ya 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia na viwanda vikakosa wa kuviendesha. Kulitumia kwa robo moja ya ukuaji mdogo ni kuwatisha watu bure.

"Mtikisiko" ndilo linalonisumbua zaidi, kwa kuwa linasikika la upole. Limetoka kwenye tikisa, tikisika. Kinachotikisika kimetikiswa na kitu kingine, na kwa kawaida hutulia. Mwaka 2008 lilitufaa, maana kishindo kilianzia kwenye mabenki ya Marekani nasi tukakisikia huku. Lakini kosa likiwa la nyumbani, serikali hulipenda neno hili, na mtangazaji hulirudia bila kufikiri. Kiambishi hiki cha -ik- au -ok- ndicho kinachomficha mtendaji: kikombe kimevunjika, ukuta umeporomoka, uchumi umetikisika. Aliyefanya hatajwi. Ukisikia kitenzi cha namna hiyo katika habari za fedha, kigeuze: umetikiswa na nani? Umeporomoshwa na nini? Mwandishi aliyeifanya kazi yake vizuri atakuwa na jibu ndani ya habari yenyewe.

Redio zile zingeweza kusema: "Ukuaji wa uchumi umepungua katika robo hii, lakini uchumi bado unakua." Kisha zitaje asilimia za robo zote mbili kama zilivyotolewa na UBOS, ofisi yetu ya takwimu, msikilizaji apime mwenyewe.

Na uandike mdororo, si mdodoro, ingawa hata baadhi ya magazeti huandika hivyo.