Sanduku la Wasomaji: Paka wa Riwayani Naye Ana Njaa Yake

Toleo hili tumewapa wapenzi wa fantasia tulivu, yaani riwaya zenye uchawi lakini zisizo na vita, ambamo mtu hufungua duka, paka hujileta mwenyewe, na mapenzi huiva kwa moto mdogo.

SWALI: Nimesoma riwaya mbili za aina hii kwa Kiingereza. Kurasa mia za mwanzo hakuna aliyekufa wala aliyetekwa, mtu anapaka rangi ukuta tu. Wenzangu wanazisifu mno. Mimi sioni nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huenda unasubiri jibu la swali ambalo kitabu hakikuuliza. Riwaya ya vita huuliza kama dunia itaokoka. Hii huuliza kama wateja watakuja kabla akiba haijakwisha. Chukua Legends & Lattes ya Travis Baldree, iliyotoka mwaka 2022 na kuzipa riwaya hizi umaarufu. Viv, mpiganaji aliyechoka na upanga, anafungua duka la kahawa katika mji ambao wenyeji hawaijui kahawa. Nani atanunua asichokijua? Joka hujawahi kukutana nalo, lakini aliyewahi kufungua genge anaijua hofu ya siku ya kwanza. Na hiyo rangi ya ukutani unayoilalamikia ni hesabu: fedha imetoka, haijarudi.

Kipimo chetu ni hiki. Soma sura mbili, kisha andika kwa sentensi moja mhusika atapoteza nini mambo yakiharibika. Ukishindwa, kiweke kitabu chini bila aibu. Vitabu vivivu vipo vingi katika aina hii, vyenye blanketi, chai na mvua dirishani, na hakuna anayehangaika kwa lolote. Hayo ni matangazo ya chai.

SWALI: Kwetu paka mweusi usiku ni habari mbaya. Kwa nini waandishi hawa wanamng'ang'ania paka, si mbwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hata hadithi zetu za kale hazikumwamini. Nunda mla watu, katika hadithi za Unguja alizochapisha Edward Steere mwaka 1870, alianza akiwa paka wa sultani. Alipokula mifugo, sultani alisema paka ni wake na mifugo ni yake, aachwe. Mwisho akala watu. Fantasia tulivu inamchukua mnyama huyohuyo na kuuliza: je, angekuwa na sababu ya kubaki nyumbani?

Mbwa humpenda bwana wake tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo hana safari. Paka huchagua. Anaweza kukaa sura tano mlangoni asiingie, na siku akiingia msomaji anajua kuna jambo limebadilika nyumbani humo bila mtu kutamka neno. Ishara zake nazo ni ndogo na za kweli: kufumba macho polepole anapomtazama anayemwamini, kukanda kwa miguu ya mbele kama mtu wa chapati, ule mvumo wa kooni. Kwa mwandishi wa pwani kuna wepesi mwingine. Mbwa ndani ya nyumba ya Waislamu utamtolea maelezo kurasa nzima kwa sababu ya najisi. Paka hupita juu ya mkeka na hakuna anayeshtuka. Abu Huraira mwenyewe, sahaba wa Mtume Muhammad, lakabu yake ilitokana na paka.

SWALI: Ninaandika riwaya ya mwanamke anayerithi duka la udi na manukato Lamu, ana paka aitwaye Zafarani. Waliosoma wanasema paka ni pambo. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mtoe Zafarani kwenye mswada wote. Kama hakuna tukio lililoanguka, wasomaji wako wamesema kweli. Sasa mrudishe akiwa na mambo matatu: anachokitaka, anachokikataa, na gharama anayoileta. Anataka dagaa wa jirani. Anakataa chumba kimoja cha duka, na sababu tunaijua baadaye sana. Gharama: ameangusha chupa ya mafuta ya waridi ambayo mteja alikwisha kuilipia. Hapo amekupa deni, jirani mwenye hasira na siri, na uchawi bado hujaugusa.

Uchawi uuwekee mpaka mapema. Paka anayeweza lolote huua hadithi, kwa kuwa kila tatizo msomaji atauliza mbona Zafarani halimalizi. Mpe uwezo mmoja, tena wenye usumbufu. Mathalani anajua nani anadanganya, lakini yuko macho kwa saa chache tu. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, naye hapendi kuamshwa.

Kisha kagua mambo ya mwili, maana wafugaji wa paka ni wasomaji wakali. Umesema Zafarani ni jike wa rangi ya chungwa. Inawezekana, ila paka wanne kati ya watano wa rangi hiyo ni madume, basi mhusika mmoja aushangae ujike wake. Wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, karibu wote ni majike, kwa sababu weusi na uchungwa hubebwa kwenye kromosomu ya X, yaani uzi wa urithi; jike anazo mbili na dume wa kawaida anayo moja tu. Mtoto wa paka hufumbua macho baada ya siku 7 hadi 14; wako amemtazama shujaa "kwa upendo" akiwa na siku mbili. Bakuli la maziwa liondoe: paka wengi wakubwa hawamudu sukari ya maziwa, huharisha. Na ule mlo wa mchuzi wenye vitunguu ni sumu, kwani vitunguu maji na saumu huharibu chembe nyekundu za damu yake. Mpe kichwa cha samaki aliyechemshwa bila viungo, ukitoa miiba.

SWALI: Mapenzi ya taratibu nitayaandikaje yasichoshe? Wahusika wangu wanatazamana tu.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Wape kazi ya kufanya pamoja, mikono yao ikutane humo. Kutazamana hakuna mwendo. Chombo kizuri tunacho tayari, sahani ya jirani, ambayo kwa adabu zetu hairudi tupu. Sahani ikipita kati ya nyumba mbili mara sita, kila safari ibadilike: kwanza vitumbua vya shukrani, halafu chakula anachokipenda yeye hasa, halafu siku sahani haikurudi na mtu hakulala. Mguso wa kwanza usije kabla ya katikati ya kitabu.

Kosa kubwa tunaloliona ni kuwatenganisha kwa kutoelewana ambako swali moja lingekumaliza. Msomaji hukasirika, na ana haki. Kizuizi kitoke katika hali zao: mmoja ana safari ya jahazi aliyokwisha kuipangia, mwingine hawezi kuacha duka.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 12. Naweza kusoma vitabu hivi?
Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba, mwanetu. Vingine ndiyo, vingine subiri. "Tulivu" maana yake hakuna vita. Haina maana hakuna mambo ya chumbani, kwa hiyo mtu mzima akipitie kwanza. Ukisoma Kiingereza, anza na Kiki's Delivery Service ya Mjapani Eiko Kadono, ya mwaka 1985. Mchawi wa miaka 13 anapeleka vifurushi kwa ufagio, na paka wake mweusi, Jiji, ana maneno mengi.