Kabla Hujanunua Scenicruiser, Ingia Uvunguni

Juzi msomaji kaniandikia: kaona Scenicruiser, lile basi la zamani la Marekani, inauzwa, bodi inang'aa, anunue? Ndugu yangu, na mimi nilinunua mng'ao. Huu mwaka wa sita.

Basi hili nalipenda, sifichi. General Motors waliliunda kwa ajili ya Greyhound peke yao, kampuni ya mabasi ya safari ndefu, 1954 hadi 1956, yakatoka 1,001 tu. Abiria 10 wanakaa chini mbele, 33 wanapanda ngazi kukaa juu, wakiitazama Marekani inavyowajia kiooni. Choo kimo ndani, springi ni za hewa. Ila uzuri ule ulikuwa na ugonjwa. Mwanzoni lilisukumwa na injini mbili za dizeli zilizounganishwa, zikasumbua mno, hadi miaka ya 1961 na 1962 zikang'olewa na kuwekwa injini moja ya silinda nane, 8V-71. Bodi nayo ilikuwa ikipasuka ubavuni, ikabidi iongezewe nguvu. Kwa hiyo ukiona bati la ziada chini ya madirisha, si pambo hilo.

Ingia uvunguni na tochi na bisibisi. Dunga pale alumini inapokutana na chuma. Unyevu ukilala hapo, alumini hugeuka unga mweupe. Bisibisi yangu ilizama mpaka kwenye mpini. Nilikuwa nimeshalipa.

Miaka miwili ya kupiga ribiti nairuka, haina hadithi. Siku ya kuwasha injini ndiyo sitaisahau. Fundi niliyemwamini, wala simtaji, alikuwa ameng'oa kile kifuniko cha dharura cha kuziba hewa. Eti hakina kazi. Injini hizi za mipigo miwili zikikaa sana, vyuma vinavyopima dizeli ya kila nozeli huganda. Vikiganda vimefunguka, dizeli inamiminika tu, umekwisha. Iliwaka, ikapanda, ikazidi kupanda. Nikazima swichi, wapi! Moshi ukafunika karakana. Fundi akakimbia. Nikaokota kipande cha mbao, nikakibandika kwenye mdomo wa hewa, nikakiegemea kwa kifua. Ikakohoa, ikanyamaza. Ule ubao ninao mpaka leo, una alama ya duara.

Bili ya kuishusha injini ile nililipa mimi. Yeye hakupiga hata simu.

Basi nawaambieni: msiwashe kabla hamjagusa vile vyuma vya nozeli kwa mkono mkaona vinateleza. Msikubali oili ya kisasa yenye namba mbili, kama 15W-40. 8V-71 inataka yenye namba moja tu, 40 kavu, hata muuzaji akikucheka. Msimwachie fundi basi mkaenda kulala. Na nyie mnaotaka picha za kupost kabla ya kuchafuka, tafuteni kitu kingine cha kuchezea.

Jumamosi iliyopita lilitoka karakanani kwa nguvu zake. Nilikosa gia ya pili mara mbili. Limedondosha oili njia nzima, kama kawaida yake.

Ewe uliyeniandikia, umeshaingia uvunguni?